Rimoti Ndiyo Breki: Niliyojifunza Katika Kusanifu Rimoti za Skeitibodi za Umeme

Skeitibodi ya umeme haina usukani, haina pedali, wala haina breki ya kukanyaga. Anayeipanda husimama wima juu ya ubao wenye magurudumu manne, betri na mota zikiwa chini ya nyayo zake, na amri zote mbili anazozitegemea, ya kwenda na ya kusimama, hupitia kidude kidogo alichokishika mkononi. Kati ya kidude hicho na ubao hakuna waya, kuna mawimbi ya redio tu. Kwa miaka niliyoshughulika na rimoti hizi, kuzichora, kuzilehemu, kuziandikia programu na kuzifungua za watu wengine zilizogoma, nimefikia msimamo ambao sioni sababu ya kuulegeza: rimoti ya skeitibodi ni breki, na anayeisanifu aanze na swali la nini kitatokea pale mkono na ubao vitakapoacha kusikizana. Wengi huanza kwingine. Huanza na mota, kwa kuwa mota ndiyo inayosifiwa. Hufuata betri, kwa kuwa ndiyo inayokula pesa nyingi. Rimoti hununuliwa mwisho kwa kiasi kilichosalia, ikaunganishwa usiku wa kuamkia safari ya kwanza. Mtu huyohuyo asingethubutu kufunga breki za gari kwa mtindo huo.

Mbao zenye injini ya petroli zilikuwapo California tangu miaka ya 1970. Ya umeme ilichelewa: Louie Finkle wa Seal Beach, California, ambaye mara nyingi hutajwa kuwa mwanzilishi wake, alitoa ya kwanza inayoongozwa bila waya mwaka 1997, na mwaka 1999 akaiombea hataza. Mwaka 2012 vijana waliotoka Chuo Kikuu cha Stanford walianzisha Boosted, na rimoti yao ikawa kielelezo cha wengi waliowafuata: gurudumu dogo la kusukumwa kwa kidole gumba, na kwa chini kitufe cha kubanwa na kidole cha shahada, ambacho kisipobanwa mota haipokei amri ya kuongeza mwendo. Kisha Benjamin Vedder, mhandisi wa Uswidi, akaweka hadharani michoro na programu za kidhibiti mota chake kiitwacho VESC, kila mtu akawa huru kukitengeneza na kukirekebisha. Kidhibiti hicho hupokea amri kwa njia kadhaa: mpigo wa milisekunde 1 hadi 2 kama ule wa ndege za kuchezea, volti inayopanda na kushuka, au mazungumzo ya data ya pande mbili. Hii ya mwisho ndiyo iliyofungua mlango. Kwa mpigo, ubao husikiliza tu. Kwa data, ubao hujibu: hutoa volti ya betri, mkondo unaopita, joto la mota, kasi ya mzunguko. Rimoti inayojibiwa inaweza kujua kuwa haisikiki, na kwa hoja yangu hilo ni jambo kubwa kuliko kasi yoyote.

Ushahidi wa kwanza ninaoutegemea umeandikwa na watu wengine. Mwaka 2014 Richo Healey, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, alikuwa juu ya skeitibodi yake akikaribia makutano ya barabara mjini Melbourne, Australia. Ubao ulikata ghafla ukamrusha chini. Hapakuwa na kitu kilichovunjika. Alipochunguza, aligundua kuwa wingi wa mawasiliano ya Bluetooth katika eneo lile ulikuwa umeizima sauti ya rimoti yake. Mwaka uliofuata, yeye na mwenzake Mike Ryan walionyesha katika mkutano wa DEF CON huko Las Vegas jinsi mtu mwenye kompyuta anavyoweza kuingilia kati ya rimoti na ubao na kumwangusha mpandaji kwa makusudi. Magazeti yaliishika habari ya wavamizi, na ilistahili kushikwa. Lakini mimi naona nusu ya kwanza ya kisa hicho ndiyo yenye funzo zito zaidi. Hapakuwa na adui pale makutanoni. Kulikuwa na simu za watu mifukoni, vipokea sauti masikioni na vifaa vya madukani, kila kimoja kikifanya kazi yake halali. Hewa yenyewe ilijaa. Kila mji unaokua unaelekea huko, na msanifu anayengoja adui aonekane ndipo ajihami atakuwa amechelewa.

Tuifanyie hesabu hali hiyo ya ukimya. Mtu anayekwenda kilomita 30 kwa saa anapita mita 8.3 kila sekunde. Rimoti nyingi hutuma amri mara 50 kwa sekunde, kila amri ikiwa pakiti moja ya data, hivyo pakiti moja ikipotea ubao umesogea sentimita 17 kwa amri ya zamani, na hakuna anayetambua. Zikipotea 10 mfululizo, ubao umekwenda mita 1.7, na mpandaji anaanza kuhisi kuwa mkono wake umechelewa. Zikipotea 50, amevuka mita 8 na zaidi, umbali unaotosha kumtoa ukingo mmoja wa barabara ya kawaida hadi mwingine. VESC kwa mpangilio wake wa awali husubiri milisekunde 1,000 bila kusikia amri, kisha huiachia mota izunguke huru. Namba hiyo inaweza kubadilishwa kwenye programu kwa kubofya mara chache, lakini rimoti ninazoletewa mezani mara nyingi huwa zimeunganishwa na kidhibiti ambacho hakijaguswa hapo. Mwenyewe anajua mota yake ina nguvu kiasi gani na anajua betri itamfikisha wapi. Akiulizwa ubao wake utafanya nini rimoti ikifa katikati ya mteremko, hana jibu.

Jibu langu lina hatua, na kila hatua ina sababu. Pakiti zikikatika kwa muda mfupi sana, ubao uendelee na amri ya mwisho, kwa sababu kukatika kwa namna hiyo hutokea kila mara na ubao unaoshtuka kila pakiti inapopotea haupandiki. Ukimya ukifika karibu robo ya sekunde, nguvu ya kwenda iondolewe, lakini kwa kushuka taratibu, isikatwe kama taa. Ukiendelea, breki ianze kushika kidogokidogo hadi ubao usimame. Sharti moja linasahaulika mno: programu lazima itofautishe ukimya uliomkuta mpandaji anakwenda na ule uliomkuta anafunga breki. Aliyekuwa anafunga breki alikuwa na sababu. Pengine kuna gari mbele. Programu inayorudisha kila kitu sifuri pindi mawasiliano yanapokatika humnyang'anya breki wakati anapoihitaji kuliko wakati wowote. Kwa hiyo amri ya mwisho ikiwa ni ya breki, ishikiliwe hadi magurudumu yasimame. Hilo ni kama mistari minne ya programu, na sijaona sababu ya rimoti yoyote kuikosa.

Wapo wanaopinga, na hoja yao ina uzito. Wanasema ubao unaojifungia breki wenyewe ni hatari kuliko ubao unaoserereka huru, kwa kuwa mpandaji hana pa kujishika. Afadhali aachwe aserereke, aruke au aburuze mguu. Ni kweli kwa breki ya ghafla, na kilichotokea Melbourne kinawaunga mkono. Ila kinachomwangusha mtu ni ughafla. Mwili uliosimama juu ya ubao huweza kuhamisha uzito ukipewa muda, na nguvu inayoongezeka ndani ya sekunde moja humpa muda huo. Tena kuserereka huru ni salama pale tu penye tambarare. Kwenye mteremko wa asilimia 10, uvutano wa dunia huongeza karibu kilomita 3.5 kwa saa kila sekunde, ukiondoa kinachopunguzwa na upepo na msuguano. Aliyekuwa na kilomita 25 atapita 40 kabla hajamaliza kufikiri. Kuruka kwa kasi hiyo ni kuvunjika. Wanaopinga wangekuwa sahihi kama barabara zote zingekuwa bapa, na hata hapo bado ningetaka mpandaji aarifiwe. Ndiyo maana nasisitiza rimoti inayojibiwa: majibu ya ubao yakikoma, mota ndogo ya mtikisiko ndani ya rimoti itetemeke papo hapo kiganjani, ili mtu akunje magoti kabla breki haijaanza kuvuta.

Hoja ya pili ninayokutana nayo ni kwamba tatizo litaisha kwa redio yenye nguvu zaidi. Mtu hununua chombo cha masafa marefu, cha kilomita nzima, kwa ajili ya mawasiliano ya mita moja na nusu. Umbali haujawahi kuwa tatizo hapa. Tatizo ni kilichopo njiani. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12.5, na maji huyanyonya. Mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na mpandaji anayeshika rimoti upande wa kushoto huku antena ya ubao ikiwa nyuma kulia ameweka mwili wake mzima katikati. Kiganja kinachoifunika antena ya rimoti huongeza hasara. Kisanduku cha alumini au cha nyuzi za kaboni kikifunika antena ya ubao, mawimbi yamefungiwa mlango. Nimeona rimoti iliyolaumiwa kwa udhaifu ikipona kwa kuhamisha antena sentimita chache tu, kutoka juu ya betri hadi pembeni, pale ambapo mbao na plastiki vinapitisha mawimbi. Uhamisho huo hauna gharama, na ndio mahali pa kuanzia kabla ya kufikiria kuongeza nguvu.

Chipu ya redio ambayo mafundi wengi huitumia, nRF24L01+ ya kampuni ya Nordic ya Norwei, yatosha ikiheshimiwa. Hutumia volti 1.9 hadi 3.6, na mwenye haraka anayeiunganisha na volti 5 huiua. Moduli zake zenye kikuza mawimbi huvuta mkondo kwa vishindo kila zinapotuma, na zisipowekewa kapasita karibu kabisa na miguu yake ya umeme, hupoteza pakiti kwa namna inayofanana na kuingiliwa na jirani. Kwa kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde husikia vizuri zaidi kuliko kwa megabiti 2, na amri ya mwendo haihitaji zaidi ya baiti chache, hivyo hakuna sababu ya kukimbilia kasi kubwa. Ina mikondo ya masafa 126, kuanzia megahezi 2,400 kwenda juu, moja baada ya nyingine. Hapa pana mazoea nisiyoyaunga mkono: kupanda mkondo wa 100 na kuendelea ili kuikimbia Wi-Fi. Nchi nyingi huruhusu matumizi bila leseni hadi megahezi 2,483.5 tu, zaidi ya hapo umeingia shamba la mtu. Njia ya haki ni kurukaruka kati ya mikondo iliyoruhusiwa kwa mpangilio ambao rimoti na ubao vinaujua, ili mkondo mmoja ukijaa, pakiti inayofuata ipite kwingine. Na kwa kuwa chipu hiyo haina usimbaji wa siri wa kwake, kila pakiti ibebe namba inayoongezeka na muhuri unaokokotolewa kwa ufunguo unaojulikana na vyombo hivyo viwili pekee. Pakiti ina nafasi ya baiti 32, na muhuri wa baiti 4 au 8 haulemei chochote. Walichoonyesha Healey na Ryan kingekuwa kigumu mno mbele ya ulinzi mdogo kama huo, ingawa dhidi ya anayejaza hewa kelele hautasaidia. Huyo hujibiwa na zile hatua za ukimya.

Sasa tusogee karibu na kidole gumba. Rimoti za bei ya chini huwa na potenshomita, yaani kipande kinachosugua njia ya kaboni kila kidole kinaposogea. Vumbi, jasho na chumvi ya hewa ya pwani huingia, njia hulika, na siku moja namba huruka bila kidole kusogea. Mimi hutumia sumaku na sensa inayofanya kazi kwa kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879 akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins: sumaku ikikaribia, volti hubadilika, na hakuna kinachogusa kingine. Katika kipimo cha 0 hadi 1,023, kidole kikitulia sensa husoma karibu 512. Kikisukuma mbele hadi mwisho pengine 850, kikivuta nyuma pengine 180. Tazama nafasi zilizobaki pande zote mbili, kwa maana ndizo zenye thamani. Waya wa sensa ukikatika, rezista moja iliyowekwa kwa makusudi huvuta namba hadi sifuri, mahali ambapo kidole hakiwezi kufika, na programu inajua papo hapo kwamba hiyo ni hitilafu. Asiyeweka mpaka huo ataisoma sifuri kama breki ya nguvu zote, na mpandaji ataruka mbele kwa sababu ya waya wa unene wa unywele. Sumaku ikidondoka, namba hurudi katikati, hali ambayo ni salama kwa mota lakini haimpi mtu breki. Kwa hiyo sumaku ifungiwe ndani ya plastiki yenyewe, isitegemee gundi peke yake. Na rimoti inapowashwa, ikikuta kidole hakiko katikati, ikatae kutuma amri ya kwenda hadi kirudi.

Kitufe cha kidole cha shahada nacho kina wapinzani. Wanasema kinachosha mkono katika safari ndefu, na kwamba springi nzuri ya kidole gumba yatosha. Kama kinachosha, springi yake ni ngumu mno na inabadilishwa. Hoja ya kukiweka haiondoki: rimoti iliyoanguka, iliyominywa mfukoni au iliyochezewa na mtoto isiweze kuisukuma mota. Ila kitufe hicho kizuie kwenda tu. Kikiachiwa kwa hofu, breki ibaki mikononi mwa mpandaji.

Kuna hatari moja ambayo rimoti pekee ndiyo inayoweza kuitolea onyo. Breki ya mota hurudisha umeme kwenye betri. Betri iliyojaa pomoni haina pa kuuweka umeme huo: volti hupanda, na sakiti ya ulinzi inaweza kukata njia, breki ikapotea mguuni pa mlima. Anayekaa juu ya kilima na kuchaji usiku kucha huanza safari yake katika hali hiyo kila asubuhi. Ubao unaojibu unaweza kuiambia rimoti kwamba betri imejaa, na rimoti ikatetemeka kabla ya mteremko. Watu hupenda skrini ndogo zenye rangi, nami sizikatai kwa aliyesimama, lakini anayekwenda kilomita 30 kwa saa macho yake ni mali ya barabara. Onyo lolote la maana lipitie kwenye ngozi ya kiganja. Betri ya rimoti yenyewe iwe na sheria kali kuliko zote: ikiwa chini ya kiwango, rimoti isikubali kuanza safari.

Huulizwa kwa nini mtu ajisumbue kusanifu ilhali rimoti zilizo tayari zipo madukani. Ni swali la haki, na kwa wengi jibu ni kununua. Asiye na subira ya kupima asijenge. Lakini Boosted ilipofunga shughuli mwaka 2020, wenye mbao zake walibaki na rimoti ambayo ikipotea au kufa si rahisi kupata nyingine, kwa kuwa namna inavyozungumza na ubao ilikuwa ya kampuni peke yake. Rimoti ya wazi, yenye mchoro na programu inayosomeka, hurekebishwa na fundi yeyote mwenye chuma cha kulehemu. Faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba unaweza kuiuliza itafanya nini katika ukimya, ukasoma jibu kwenye mistari ya programu badala ya kuligundua barabarani. Wengine hushauri kutumia waya na kuachana na redio kabisa. Waya haujazwi kelele na simu za majirani, hilo nakubali, ila hunasa gurudumu, hukatika ncha zake kwa kukunjwa kila siku, na mtu akianguka humvuta pamoja na ubao. Programu ya simu siipendekezi kwa hali yoyote: kioo hakina springi, na kidole hakiwezi kujua kiko wapi bila macho kukitazama.

Basi wewe uliye na rimoti mezani, iwe umeijenga au umeinunua, fanya jambo hili kabla ya safari yako inayofuata. Uinue ubao juu ya matofali magurudumu yasiguse chini, yazungushe kwa kasi ya kawaida, kisha zima rimoti huku kidole kikiwa kimesukuma mbele. Rekodi kwa kamera ya simu inayopunguza kasi ya picha, ile ya picha 240 kwa sekunde, na uhesabu picha kuanzia taa ya rimoti ilipozimika hadi magurudumu yalipoanza kupunguza mwendo. Rudia huku kidole kikiwa kimevuta breki. Kisha andika majibu hayo mawili kwa kalamu isiyofutika chini ya ubao, na ukimwazima mtu, mwonyeshe kabla hajapanda.